Ukubwa wa Tanki la Samaki wa Mapambo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hununua tanki kwanza, kwa kuangalia bei na nafasi iliyobaki sebuleni, kisha ndipo wanapouliza ni samaki gani watakaoingia humo. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Samaki huchaguliwa kwanza, ikajulikana atafikia urefu gani akikomaa, anaishi peke yake au kwa kundi, na anagombea eneo au la. Baada ya hapo ndipo tanki hupimwa kwa ajili yake. Katika maelezo yafuatayo nitatumia zaidi mifano ya siklidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, samaki wa ukoo mmoja na sato na perege, kwa kuwa ni samaki wa maziwa yetu na kwa kuwa tabia zao huonyesha wazi kwamba hesabu ya lita peke yake haitoshi.

Dhana: Samaki hukua kulingana na ukubwa wa tanki lake

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote na, kwa maoni yangu, ndiyo iliyosababisha mateso mengi zaidi. Msingi wake ni jambo linaloonekana kwa macho: samaki waliowekwa kwenye chombo kidogo mara nyingi hubaki wadogo. Kinachofichika ni sababu. Samaki hana umri maalumu wa kuacha kukua kama binadamu. Huendelea kukua maisha yake yote, ingawa kasi hupungua kadiri umri unavyosonga. Anapobaki mdogo tankini, huwa amedumazwa na maji yaliyojaa taka zake mwenyewe, na msongo wa kukosa nafasi, na mara nyingine lishe duni. Samaki wa namna hiyo hutambulika kwa jicho la mtu aliyezoea: macho huonekana makubwa kuliko yanavyostahili mwili wake, uti wa mgongo hupinda kidogo karibu na mkia, na mapezi hayafunguki vizuri.

Oska, samaki wa Amerika ya Kusini anayependwa sana na wafugaji, huuzwa akiwa na urefu wa sentimita 4 au 5 na kuonekana anafaa kabisa kwa tanki la mezani. Akitunzwa vizuri hupita sentimita 20 ndani ya mwaka mmoja, kisha hufikia 30 au zaidi. Samaki wa dhahabu naye, ambaye kwa miaka mingi amechorwa akiwa ndani ya bakuli, hufikia sentimita 20 na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mmoja wao nchini Uingereza, aliyejulikana kwa jina la Tish, alikufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Samaki wa dhahabu anayekufa baada ya miezi mitatu kwenye bakuli hajafa kwa uzee wala kwa sababu samaki hawa ni dhaifu kwa asili.

Dhana: Anayeanza aanze na tanki dogo, kwa sababu ni rahisi kulitunza

Tanki dogo ni rahisi kulibeba na kulinunua, lakini kulitunza ni kazi ngumu inayohitaji mtu mwenye uzoefu. Sababu yake ni ya kihesabu. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na amonia hiyo hutokana na protini ya chakula alichokula. Gramu moja ya chakula cha kawaida cha samaki, ambacho protini yake ni kama theluthi moja, huishia kuingiza majini takriban miligramu 30 za naitrojeni ya amonia. Katika tanki la lita 20, kiasi hicho ni miligramu 1.5 kwa kila lita. Katika tanki la lita 200, ni miligramu 0.15. Chakula ni kilekile na samaki ni walewale, ila sumu imezidi mara kumi.

Kwa wanaofuga samaki wa Tanganyika hatari huongezeka zaidi. Amonia majini huwa ya hali mbili, na ile inayounguza mashavu ya samaki huongezeka kadiri pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, inavyopanda. Kwenye maji ya nyuzijoto 25 yenye pH 7, sehemu hiyo yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 hupita asilimia 5. Na kwenye pH 9, ambayo ndiyo karibu sawa na maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe, hufikia zaidi ya theluthi moja. Mashavu huanza kudhurika sumu hiyo inapofika karibu miligramu 0.05 kwa lita. Ukirudi kwenye mfano wetu, gramu ile moja ya chakula katika lita 20 za maji yenye pH 9 huleta sumu inayozidi miligramu 0.5 kwa lita, yaani mara kumi ya kiwango hicho, iwapo tanki halijakomaa. Kukomaa kwa tanki maana yake ni kwamba bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, wamekwisha kuongezeka vya kutosha kwenye filta na changarawe. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, na mfugaji mgeni ndiye anayekosea zaidi katika kipindi hicho: hulisha kupita kiasi, huosha filta kwa maji ya bomba yenye klorini na kuua bakteria wengi, au hachukui hatua samaki mmoja anapofia nyuma ya jiwe. Maji mengi humpa muda wa kugundua kosa kabla halijaua.

Joto na umeme navyo vina nafasi yake. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzijoto 30 hubeba miligramu 7.5 tu, na lita chache za maji hupata joto la chumba haraka sana. Mchana wa Januari jijini Dar es Salaam, umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, tanki la lita 20 lenye samaki wengi huweza kuharibika ndani ya saa chache, na samaki huonekana wamepanda juu wakihema kwenye uso wa maji. Tanki la lita 200 lenye idadi ileile ya samaki huweza kuvumilia usiku mzima. Ningemshauri mtu anayeanza asishuke chini ya lita 60, na kama uwezo upo afike lita 100.

Dhana: Sentimita moja ya samaki kwa kila lita moja ya maji

Kanuni hii husaidia kidogo kwa samaki wadogo sana, wasiozidi sentimita 4 au 5, kama vile neoni na gapi. Nje ya hapo hupotosha, kwa sababu mwili wa samaki hauongezeki kwa urefu tu. Samaki akiongezeka urefu mara mbili bila kubadilika umbo, uzito wake huongezeka kama mara nane. Kwa hiyo samaki wa sentimita 30 ana mwili wa karibu mara 1,000 ya yule wa sentimita 3 mwenye umbo kama lake, na hula na kuchafua maji kuliko kumi wa namna hiyo wakiwekwa pamoja, ingawa kanuni inasema wote wanahitaji lita 30 sawasawa. Tena kanuni haiulizi urefu upi: wa siku ya kununuliwa au wa ukubwani? Urefu wa kuhesabia ni wa ukubwani siku zote.

Dhana: Lita zikitosha, umbo la tanki si kitu

Chukua tanki lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Zidisha vipimo hivyo, gawa kwa 1,000, utapata lita 54. Sasa lisimamishe: urefu 30, upana 30, kimo 60. Lita ni zilezile 54, lakini uso wa maji unaopokea oksijeni kutoka hewani umepungua kutoka sentimita za mraba 1,800 hadi 900, na sakafu ambayo samaki wa chini hugawana imepungua kwa nusu vilevile. Matanki marefu kwenda juu yanapendeza pembeni mwa ukumbi, lakini ni samaki wachache yanayowafaa.

Hapa ndipo siklidi wanapokuwa walimu wazuri. Kusini mwa Ziwa Tanganyika huishi samaki aitwaye kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa siklidi wadogo kuliko wote duniani. Dume hufikia sentimita 4 au 5, na jike ni mdogo zaidi. Makazi yao ni makombe matupu ya konokono yaliyorundikana chini ya ziwa. Ukiwaandalia tanki la sentimita 60 kwa 30, mchanga laini wa kina cha sentimita 5 na makombe kadhaa, utaona kila mmoja akichimba mchanga kwa mdomo hadi kombe lake lizame na kubaki mlango tu, kisha akilinda eneo lisilozidi upana wa kiganja. Ukoo mzima huzaliana humo kwa raha, na kimo cha maji hakiwahusu sana, kwa kuwa hawapandi juu mara nyingi.

Kwenye ziwa hilohilo kuna Tropheus, samaki wa miambani anayefikia sentimita 12 hadi 14 tu. Mtu akitazama urefu huo ataona lita 100 zinamtosha. Hazimtoshi. Tropheus hushinda kutwa akikwangua mwani kwenye mawe, haachi kuzunguka, na ana wivu mkubwa wa eneo dhidi ya wenzake wa jinsi yake. Wakiwekwa wanne au watano kwenye tanki fupi, mmoja huwafukuza wengine hadi wafe kwa uchovu na njaa. Wafugaji waliobobea huwaweka kwa makundi ya 12 au zaidi, katika tanki lenye urefu usiopungua sentimita 120. Tofauti kati ya samaki hawa wawili haiwezi kuonekana kwenye hesabu yoyote ya sentimita kwa lita.

Lita zinazotajwa na muuzaji nazo si zote za samaki. Ukiondoa nafasi ya juu isiyojazwa, changarawe na mawe, tanki linaloitwa la lita 160 mara nyingi hubaki na lita 130 hivi za maji.

Dhana: Filta kubwa hufidia tanki dogo

Filta husafirisha na kubadilisha taka. Haiongezi nafasi ya kuogelea wala sehemu ya kujificha. Nitrati inayobaki mwisho wa kazi ya bakteria huendelea kulundikana mpaka uiondoe kwa kubadilisha maji. Filta yenye nguvu kupita kiasi kwenye tanki dogo huleta pia mkondo unaowachosha samaki wenye mapezi marefu.

Dhana: Beta anatosheka na gilasi, kwa kuwa kwao anaishi kwenye madimbwi

Beta, samaki wa Thailand na nchi jirani zake, ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na ndiyo maana hufa polepole mahali ambapo wengine wangekufa mara moja. Mashamba ya mpunga anakotoka yana maji ya kina kifupi, lakini huenea mbali, yana joto na mimea. Lita 20 zenye mfuniko na mkondo mdogo ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukitetea. Usiku wa Julai jijini Nairobi au Arusha, maji ya gilasi hushuka mbali chini ya nyuzijoto 24 anazozihitaji, na gilasi haina nafasi ya kuweka hita.

Dhana: Samaki wakiwa wachache, hawatapigana

Kwa samaki wengi ushauri huu ni sahihi, ila kwa mbuna, siklidi wa miambani wa Ziwa Nyasa, hugeuka kuwa kosa. Melanochromis auratus wachanga huwa wote wa njano wenye mistari myeusi, na dukani huonekana watulivu. Wakikomaa, dume anayetawala hugeuka kuwa mweusi mwenye mistari iliyopauka, na kuanzia siku hiyo hudai eneo lote analoliona. Kwenye tanki la sentimita 60, eneo hilo ni tanki zima, na dume mwenzake hana pa kukimbilia. Njia inayofanya kazi ni tanki la lita 250 au zaidi, mawe yaliyopangwa yakazuia samaki kuonana kutoka upande mmoja hadi mwingine, majike wengi kwa kila dume, na idadi kubwa kiasi cha samaki ili hasira ya mtawala isimwangukie mmoja. Idadi hiyo nayo hudai filta madhubuti na kubadilisha maji kila wiki, kwa hiyo haiwezekani kwenye tanki dogo.

Dhana: Nitanunua kubwa baadaye, samaki wakikua

Katika miezi ya mwanzo samaki hukua haraka kuliko mwenye tanki anavyokusanya fedha. Tanki la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 huchukua lita 300, yaani kilo 300 za maji, na ukiongeza vioo vya milimita 10 na mawe utakaribia kilo 400. Linahitaji meza ya chuma iliyochomelewa vizuri na sakafu imara, na fundi wa kulitengeneza kwa uangalifu. Maandalizi hayo hayafanyiki kwa wiki moja samaki wakiwa wameshabanana, na mara nyingi hayafanyiki kabisa.

Wengine basi huwabeba samaki waliowazidi na kuwamwaga mtoni au bwawani, wakiamini wamewahurumia. Lakini samaki mgeni huweza kuangamiza wenyeji: sangara, anayekula samaki wenzake, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, siklidi wadogo zilizokuwa humo tu, na si kwingine duniani, hazijaonekana tena. Samaki aliyezidi tanki arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwenye nafasi, na makubaliano hayo ni bora yafanywe dukani siku ileile ya kununua.