73,939,133: ikatwe mkia, ibaki tasa

Msimu wa korosho hapa Mtwara kila mtu anasoma mamilioni, kwa hiyo wanafunzi wangu hawaogopi namba ndefu. Hii huwa nawaandikia ubaoni: milioni sabini na tatu, laki tisa na elfu thelathini na tisa, mia moja thelathini na tatu. Ni namba tasa. Yangekuwa malipo ya chama cha msingi, wakulima wasingeyagawana sawasawa bila shilingi kubaki, labda mkulima awe mmoja, au wawe wengi kuliko Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022.

Utasa peke yake si ajabu. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zamani kwamba namba tasa hazina mwisho. Ajabu ni kwamba ukifuta tarakimu ya mwisho unapata 7393913, nayo ni tasa. Futa tena: 739391, 73939, 7393, 739, 73, 7. Tasa zote! Namba za tabia hii ziko 83 tu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwa nini ziishe wakati tasa haziishi? Badala ya kufuta, jenga. Unaanza na 2, 3, 5 au 7. Kila unachoongeza kulia kiwe 1, 3, 7 au 9, maana shufwa inagawanyika kwa 2, na inayoishia na 5 inagawanyika kwa 5. Wengi huishia hapo, lakini utamu uko kwenye kanuni ya 3, ile ya kujumlisha tarakimu: jumla ikigawanyika kwa 3, namba nayo inagawanyika. Kuongeza 3 au 9 hakubadili baki la kugawanya jumla hiyo kwa 3. Kuongeza 1 au 7 kunaisogeza kwa moja. Ukianza na 2 au 5, baki ni 2, kwa hiyo 1 au 7 yoyote inaharibu kazi. Unabaki na 3 na 9 mpaka mwisho, ndiyo maana 23399339, 29399999 na 59393339 zinafanana kama ndugu. Ukianza na 7, baki ni 1: unaruhusiwa 1 au 7 mara moja tu. Itazame namba yetu, ile 1 iko peke yake, na baada yake ni 3 na 3. (Ukianza na 3 unalazimika kufuata na 1 au 7 papo hapo, kisha unabakiwa na nafasi moja: 37337999.) Zenye tarakimu nane ni hizo tano tu.

Sasa jaribu tarakimu ya tisa. 739391331 na 739391337 zina jumla ya 39 na 45, basi zimekwisha. 739391333 na 739391339 zinaikwepa kanuni ya 3, ila zina vigawo vingine. Zile nne nyingine nazo zinagoma vilevile.

Kukata kutoka kushoto ni habari nyingine. Bila kutumia sifuri, kubwa kuliko zote ni 357686312646216567629137, tarakimu 24. Ukiongeza kushoto huigusi tarakimu ya mwisho, kwa hiyo 1 mpaka 9 zote zinaruhusiwa kujaribiwa, na njia inakuwa ndefu zaidi.