Mkanda wa Marekani: yanayoaminiwa na yaliyotokea

Katika kibanda umiza cha mtaani kwetu, mkanda wa ubingwa wa Marekani katika mieleka ya kampuni ya WWE ulikuwa na jina moja tu: mkanda wa Cena. Ule wenye sahani ya katikati inayozunguka kama rimu ya gari, aliouvaa John Cena enzi za kofia na mnyororo shingoni. Mabishano nayo yalikuwa yaleyale kila Jumapili. Mmoja anasema "haya ni maigizo", mwingine anamjibu "ile ngumi si umeiona mwenyewe?" Nimeifuatilia historia ya mkanda huu kwa miaka sasa, na nimegundua kwamba wote wawili walikuwa wanakosea, ila si pale walipodhani. Watu wengi huamini yale ambayo hayakutokea, halafu wakayakana yale yaliyotokea kweli.

"Mkanda ulianzishwa na WWE"

Cena alipomwangusha Big Show na kuuchukua kwa mara ya kwanza, Machi 2004, mkanda ulikuwa na umri wa miaka 29. Mwanzo wake unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975, na haukuwa wa WWE. Ulikuwa wa kampuni ya kifamilia ya Jim Crockett Promotions, yenye makao yake Charlotte, Carolina Kaskazini. Mzee Jim Crockett alianza biashara hiyo mwaka 1931. Alipofariki mwaka 1973, mwanawe mwenye jina hilohilo akashika usukani.

Ili uuelewe mkanda, sahau kwanza WWE tunayoijua, kampuni moja inayoonekana dunia nzima. Mwaka 1948 mapromota walikutana Waterloo, jimbo la Iowa, wakaunda umoja wa NWA (National Wrestling Alliance). Wakagawana nchi kama njia za daladala: gari la Tandika halipakii abiria wa Mwenge. Kila promota alikuwa na eneo lake, wanamieleka wake, kipindi chake cha televisheni na mikanda yake. Bingwa wa dunia alikuwa mmoja tu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka eneo baada ya eneo, akipambana na bingwa wa pale alipofika. Eneo la Crockett lilikuwa Carolina mbili na Virginia. Kwa hiyo mkanda huu ulizaliwa kuwa wa mkoani, wa kuzunguka Greensboro, Charlotte, Raleigh na Richmond wiki baada ya wiki, ukimsubiri bingwa wa dunia apite.

Safari iliyoufikisha WWE ni fupi kuisimulia. Novemba 1988 kampuni ya Crockett iliuzwa kwa Ted Turner, tajiri wa televisheni, ikawa WCW. Machi 2001 WWF, ambayo ndiyo WWE ya leo, ikainunua WCW. Novemba mwaka huohuo Edge, aliyeushika mkanda wa Marekani, alimshinda Test aliyekuwa na ule wa mabara (Intercontinental), mkanda mwingine wa WWF, mikanda ikaunganishwa na wa Marekani ukafungiwa kabatini. Julai 2003 ukatolewa tena, Eddie Guerrero akauchukua kwa kumshinda Chris Benoit katika fainali.

"Bingwa wa Marekani alikuwa bingwa wa nchi nzima"

Hapana. Katika miaka ya 1970 ungeweza kuwakuta mabingwa kadhaa wa Marekani kwa wakati mmoja. Detroit walikuwa na wao, San Francisco walikuwa na wao, na hakuna aliyemwita mwenzake mwongo, kwa sababu hakuna shabiki wa Detroit aliyekuwa akitazama televisheni ya Charlotte. "Marekani" ilikuwa neno la kwenye bango. Eneo la Crockett lenyewe tayari lilikuwa na mkanda mwingine, ule wa Mid-Atlantic, ambao kabla ya 1973 uliitwa wa Majimbo ya Mashariki. Huu mpya ukawekwa juu yake.

Mkanda wa Crockett haukuwahi kuishinda ile mingine ulingoni. Maeneo mengine yalipofunga biashara yakazikwa na mikanda yao, huu ukabaki. Uliwashinda wenzake kwa kuishi muda mrefu.

"Kila aliyeuvaa alimshinda mtu"

Bingwa wa kwanza ni Harley Race. Watazamaji walielezwa kwamba alimshinda Johnny Weaver katika fainali ya mashindano yaliyofanyika Tallahassee, Florida. Tazama ramani: Tallahassee haiko Carolina wala Virginia. Ni mbali vya kutosha kwa shabiki wa Greensboro kutouliza kwa nini hakusikia habari za mashindano hayo. Mbinu hiyo ilikuwa ya kawaida katika biashara ile. Mkanda wa mabara wa WWF, kwa mfano, ulianza mwaka 1979 kwa Pat Patterson kutangazwa mshindi wa mashindano ya Rio de Janeiro ambayo hayakufanyika kabisa. Leo jambo hilo linasimuliwa kama utani, na Rio imebaki palepale kwenye orodha rasmi.

Kama matokeo yanapangwa, basi anayepewa mkanda anapewa kwa kigezo gani? Hapa wanaosema "maigizo" hufunga mjadala mapema mno. Kwa Crockett katikati ya miaka ya 1970, aliyepanga mapambano alikuwa George Scott, naye mwanamieleka. Swali la mpangaji halikuwa nani ana nguvu. Lilikuwa hili: nikimpa huyu mkanda leo, watu watanunua tiketi wiki ijayo, na wiki inayofuata? Ukumbi ni uleule na watazamaji ni walewale, huwezi kuwalisha kiporo. Mwenye mkanda alikuwa amekabidhiwa mapato ya eneo zima, na asipojaza ukumbi hata wiki tatu, mkanda unahama.

"Ni maigizo, kwa hiyo hakuna anayeumia"

Tarehe 4 Oktoba 1975 ndege ndogo ya Cessna 310 iliruka kutoka Charlotte kwenda Wilmington, pwani ya Carolina Kaskazini, ambako jioni ile kulikuwa na mapambano. Ndani, mbali na rubani, walikuwemo watu watano. Johnny Valentine, bingwa wa Marekani tangu Julai alipomshinda Race. Ric Flair, kijana wa miaka 26 ambaye nje ya eneo lile alikuwa hajulikani. Bob Bruggers, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani. David Crockett, wa familia ya wenye kampuni. Na Tim Woods, aliyejulikana kama Mr. Wrestling.

Mafuta yaliisha kabla hawajafika uwanjani. Ndege ikaanguka. Rubani hakupona. Valentine alivunjika mgongo na kupooza, hakupanda tena ulingoni mpaka alipofariki mwaka 2001. Bruggers naye mieleka ikaishia hapo. Flair alivunjika mgongo sehemu tatu, madaktari wakamwambia asahau kazi hiyo, na baada ya miezi michache akawa amerudi.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi katika ajali ile ni Woods. Kwa lugha ya vibandani kwetu, Woods alikuwa stelingi, na Valentine na Flair walikuwa maadui. Mashabiki walikuwa wanalipa kuwaona wakiuana. Sasa wamekutwa kwenye ndege moja, wamekaa goti kwa goti. Habari hiyo ikitoka, eneo zima linaweza kupoteza mkate wake, maana siku hizo siri ya ulingo, ambayo wenyewe waliiita keifebu, ililindwa kama siri ya jando. Stelingi na adui hawakupanda gari moja wala kula meza moja.

Woods, akiwa majeruhi hospitalini, alitoa jina lake halisi, George Burrell Woodin, ambalo shabiki hakulijua, akasema yeye ni promota. Kisha, kama wiki mbili tu baadaye, akiwa bado na maumivu, akapanda ulingoni mbele ya watu. Akiwa anapigana, nani angeamini kwamba alikuwemo kwenye ndege ile? Unaweza kuuita uongo, na ulikuwa uongo. Ila mimi nikiambiwa "wale jamaa hawaumii" huwa namkumbuka yule bwana akianguka kwa mgongo juu ya mbao, huku akijikaza kuficha maumivu ya ajali aliyodai hakuwemo.

Mkanda ukabaki bila mtu. Tarehe 9 Novemba kukafanyika mashindano Greensboro, safari hii ya kweli, ukumbini, mbele ya walionunua tiketi, na Terry Funk akauchukua. Siku 18 baadaye Paul Jones, aliyeshindwa na Funk kwenye fainali ile, akamnyang'anya. Na Desemba Funk akawa bingwa wa dunia, Miami Beach. Angalia jinsi mpangaji alivyofanya kazi: msiba umempokonya bingwa, naye ndani ya mwezi mmoja na ushei ameshampandisha stelingi mpya.

"Ile damu ni sosi ya nyanya"

Hii niliiamini mwenyewe hadi ukubwani. Damu ni yao. Mara nyingi hutoka kwa kipande kidogo cha wembe kilichofungwa kwa plasta kidoleni, ambacho mwanamieleka hujipitishia mwenyewe kwenye paji la uso akiwa ameinama. Paji lina mishipa mingi midogo, na jasho linaisambaza damu, ndiyo maana mkato mdogo unaonekana kama machinjio. Ukiwatazama wakongwe wa enzi zile kwa karibu, utaona vipaji vyao vimejaa makovu mithili ya ubao wa kukatia nyama.

Pambano la mkanda huu linalotajwa zaidi kwa damu ni la tarehe 28 Novemba 1985, Greensboro, kati ya Magnum T.A. na bingwa Tully Blanchard, ndani ya kizimba cha waya. Sharti lilikuwa moja: mmoja aseme kwa kipaza sauti kwamba ameacha. Mwishoni kiti cha mbao kikavunjika, Blanchard akachukua kipande chenye ncha na kumwelekezea Magnum jichoni. Magnum akakipokonya na kukikandamiza kwenye paji la Blanchard mpaka akapiga kelele kukubali. Matokeo yalipangwa, mkanda ulishapangiwa kumrudia Magnum. Zile nyuso zilizolowa hazikupakwa rangi.

"Mrusi, Mbrazili na wengineo"

Bobo Brazil, aliyeushika mwaka 1977 kabla Flair hajamshinda Richmond na kuupata kwa mara ya kwanza, hakuwa Mbrazili. Alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Arkansas, na jina lake lilikuwa Houston Harris. Nikita Koloff, "Mrusi" aliyeuchukua Agosti 1986 enzi za vita baridi, alizaliwa Minnesota. Aliing'ang'ania lafudhi ya Kirusi hata nje ya ulingo, na akabadilisha jina kisheria. Upande wa pili, mwaka 2000 Lance Storm, Mkanada halisi, aliutwaa akabandika stika za Kanada juu yake na kutangaza kwamba sasa ni mkanda wa Kanada.

Kwa Koloff kuna jambo la ziada. Mshindani aliyeshindwa naye ni Magnum yuleyule. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo Magnum akapata ajali ya gari Charlotte, na mieleka ikaisha kwake akiwa na miaka 27. Ndani ya siku chache Mrusi adui akageuzwa stelingi, akasimama pamoja na stelingi mwingine, Dusty Rhodes, na maelezo waliyopewa mashabiki yakawa kwamba moyo wake umelainika kwa kumheshimu Magnum. Maelezo hayo yalitungwa, lakini pengo lilikuwa la kweli na walihitaji mtu wa kuliziba.

"Hakuna aliyeushika muda mrefu kuliko Dean Ambrose"

Ambrose ana siku 351, kuanzia Mei 2013. Ni rekodi ya enzi ya WWE tu. Lex Luger alikaa nao siku 523, kuanzia Mei 1989 mpaka Oktoba 1990.

Nirudi kwa Johnny Valentine, maana orodha ya mabingwa ina jambo ambalo huwa linapitwa. Ukishuka kutoka 1975, utakuta Novemba 1982 mkanda umetoka kwa Wahoo McDaniel kwenda kwa Greg Valentine. Kwa miaka mingi mashabiki waliambiwa Greg ni mdogo wake Johnny, kwa kuwa mzee hakutaka kuonekana ana mtoto mkubwa kiasi kile. Greg alikuwa mwanawe wa kumzaa.