Kamchatka: mimea, wanyama, watu na lugha katika daftari moja

Rasi ya Kamchatka iko mashariki kabisa mwa Urusi. Inashuka kusini kwa takriban kilomita 1,250, Bahari ya Okhotsk upande mmoja na Pasifiki upande wa pili. Wengi huijua kwa matetemeko na volkano zake, na Klyuchevskaya, iliyo ndefu kuliko zote, inapita mita 4,700. Sisi wa fani ya mimea tuna sababu nyingine ya kuikumbuka: karibu miaka 300 iliyopita, kijana mmoja alipewa kazi ya kuichunguza rasi nzima, majani yake, wanyama wake, wenyeji wake na maneno yao, naye akaikamilisha.

Stepan Krasheninnikov alizaliwa mwaka 1711, mtoto wa askari wa Moscow. Mwaka 1733 alichukuliwa, angali mwanafunzi, katika msafara mkubwa wa kitaaluma uliopelekwa Siberia. Wakubwa wake, maprofesa Gmelin na Müller, walitakiwa wafike Kamchatka wenyewe. Safari ilipozidi kuwa ndefu na ngumu, walimtanguliza mwanafunzi pamoja na orodha ndefu ya maagizo, na wao hawakufika kamwe. Mimi naona elimu ilipata faida kwa jambo hilo. Oktoba 1737 chombo chake kiliharibika mlangoni mwa mto Bolshaya, vyakula na mizigo ikapotea, na mwezi huohuo ardhi ikatetemeka na bahari ikafurika pwani. Mtu asiye na akiba hana budi kula wanachokula wenyeji, na anayekula nao hujua mengi.

Alikaa hadi mwaka 1741. Muda huo ndio siri ya kazi yake, maana mimea ya nchi ya baridi huonekana kwa majira mafupi, na samaki hupanda mitoni kwa zamu. Anayekuja wiki mbili za kiangazi huondoka na picha nzuri na maelezo nusu.

Chukua sarana, ua la rangi ya zambarau iliyokolea, la jamii ya yungiyungi. Mtaalamu wa mimea angeandika umbo la jani na idadi ya petali, akafunga daftari. Krasheninnikov alifuata chakula. Vitunguu vya sarana vilivyo chini ya ardhi vilikuwa kama nafaka kwa Waitelmen, wenyeji wa rasi hiyo, na kazi ya kuvikusanya ilikuwa ya wanawake. Sehemu ya mavuno yao walichimbua katika maghala ya panya wa porini, ambao nao huweka akiba ya majira ya baridi. Hawakukomba ghala lote. Panya waliachiwa sehemu yao. Hapo ua, mnyama, kazi ya wanawake na mwiko wa kutokomba vimo katika habari moja, na ukitoa kimoja kilichobaki hakieleweki.

Ndivyo ilivyo pia kwa mmea mrefu walioupenda kwa utamu wake. Maji ya shina lake huunguza ngozi hadi ikatoka malengelenge, kwa hiyo wanawake waliomenya mashina hayo walivaa glavu. Mashina yalianikwa mpaka yakatoa unga mtamu. Wakosaki, askari wa Urusi waliokwishaingia rasini tangu mwaka 1697, waliugeuza mmea huo kuwa pombe kali. Msonobari mfupi unaotambaa milimani ulichemshwa, na maji yake yakanywewa kutibu kiseyeye, maradhi yaliyowaua mabaharia wengi wa zama hizo.

Kisha samoni. Kila mwaka hutoka baharini kwa wingi na kupanda mito kwenda kutaga na kufa. Dubu huwala, huburuta mabaki hadi msituni, na miti ikapata mbolea iliyotoka baharini. Waitelmen nao waliishi kwa samaki huyo kiasi kwamba baadhi ya miezi yao ilipewa majina ya samaki. Mwaka 1792 Walbaum, mwanasayansi wa Ujerumani, alipowapa samoni wa Pasifiki majina ya kisayansi, alitumia majina yaliyokuwa yakisemwa huko Kamchatka: nerka, kisutch, tshawytscha. Ndiyo tunayoyatumia hadi leo.

Kuhusu lugha, Krasheninnikov aliorodhesha maneno ya Kiitelmen kwa namna zake tatu: ya mashariki, ya kusini na ya magharibi. Pengine aliiona hiyo kuwa kazi ndogo kando ya mimea. Ndui ya 1768 na 1769 iliua maelfu ya wenyeji, na utawala wa Kirusi ukamaliza mengine. Namna ya mashariki na ya kusini zimekufa. Ya magharibi imebaki kwa wazee wachache sana. Anayetaka kujua watu wa mashariki walisemaje hana budi kurudi kwenye orodha zile. Kitabu chake juu ya Kamchatka kilikuwa kikichapwa alipofariki mwaka 1755, hajafika hata miaka 45.

Mwenzake Georg Steller, Mjerumani, alifika mwaka 1740 na ndiye aliyepata umaarufu zaidi. Mwaka uliofuata alisafiri na nahodha Bering, mkuu wa msafara, na chombo chao kikakwama katika kisiwa kisicho na watu mashariki ya rasi. Huko alimweleza mnyama wa baharini mwenye urefu wa mita 7 au 8, mpole, mla mwani. Wawindaji walimmaliza kufikia mwaka 1768. Hakukuwa na wenyeji kisiwani wa kuulizwa, hivyo karibu yote tunayojua kuhusu maisha yake yametoka kwa Steller peke yake.

Ndugu wa karibu zaidi wa mnyama huyo aliye hai leo ni nguva wetu. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na nyavu za jarife ni miongoni mwa sababu. Tofauti na Steller, sisi tunao wa kuwauliza: habari nyingi za nguva wa Rufiji, Mafia na Kilwa zimetoka kwa wavuvi. Mwanafunzi au mwalimu anayezungumza nao aandike mahali na mwezi, kama yalikuwa maji ya bamvua (makubwa) au maji mafu (madogo), nyavu iliyotumika, majani ya baharini yaliyopo hapo, na jina la kila kimoja kama mvuvi alivyolitamka, hata kama halimo katika kamusi.