Mfumo wa Ofisi Ujengwe Mzima au kwa Vipande?

Ofisi inapotaka mfumo mpya wa kompyuta, uwe wa kusajili wagonjwa au wa kukusanya ada, kwa kawaida huanza na karatasi. Kamati inaundwa, mahitaji yanaorodheshwa na kusainiwa, zabuni inatangazwa. Baada ya hapo ni usanifu, kisha kuandika programu, kisha majaribio, na mwisho makabidhiano. Hatua moja hufungwa kabla ya nyingine kufunguliwa. Utaratibu huu huitwa maporomoko, na mara nyingi huhusishwa na makala ya Mmarekani Winston Royce ya mwaka 1970. Nahisi wengi wanaomtaja hawajaisoma, maana Royce mwenyewe alionya humo kwamba kwenda hivyo moja kwa moja ni hatari: majaribio yanakuja mwisho, wakati marekebisho yameshakuwa ghali.

Chukulia fomu ya usajili kwenye kituo cha afya. Katika mahitaji yaliyosainiwa, tarehe ya kuzaliwa ni ya lazima. Ni sawa, daktari anahitaji umri. Siku mfumo unapowashwa anafika bibi dirishani, na anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Karani hawezi kuendelea bila kujaza, basi anaandika Januari mosi na mwaka wa kukisia. Baada ya miezi sita takwimu zinaonyesha wazee chungu nzima waliozaliwa tarehe moja. Kubadilisha kisanduku hicho kimoja sasa kunataka barua, nyongeza ya mkataba na fedha ambazo hazimo kwenye bajeti.

Njia ya pili ni ajaili (kwa Kiingereza agile), yaani kujenga kwa vipande. Februari 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko fupi linalotanguliza programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nene, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Kazi hukatwa vipande, mara nyingi vya wiki mbili hadi nne, na kila kipande kikiisha kuna kitu cha kubonyeza. Karani angeliona tatizo la bibi ndani ya mwezi wa kwanza, fundi akiwa pembeni yake.

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, imepitia njia zote mbili. Mfumo wake wa majalada ya kesi, Virtual Case File, uliachwa mwaka 2005 ukiwa umemeza takriban dola milioni 170. Uliofuata, Sentinel, ulianza mwaka 2006 chini ya mkandarasi mkubwa, nao ukachelewa. Mwaka 2010 FBI iliuchukua mikononi mwake, ikaweka timu ndogo na kufanya kazi kwa vipande. Julai 2012 ukaanza kutumika.

Hapa kwetu tuna M-Pesa. Majaribio yalipoanza Kenya Oktoba 2005, shabaha ilikuwa wakopaji wadogo wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo kwa simu. Watu wakaifanyia mengine: wapo waliotumiana pesa, wenye biashara walioweka mauzo ya jioni kwa kuwa benki zimeshafungwa, na wasafiri walioweka pesa walikotoka wakazitoa walikofika. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuwa huduma ya kutuma pesa.

Programu ya ndege au ya kifaa cha hospitali ni habari nyingine. Wakaguzi hutaka nyaraka kamili, na mimi nisingependa rubani ndiye awe mjaribu wa kwanza. Hata kwenye ajaili, usalama wa taarifa hupangwa mapema.

Kikwazo kikubwa kwenye ofisi za umma ni mkataba. Timu inafuata desturi za ajaili, inafanya kikao cha kusimama cha dakika 15 kila asubuhi, inabandika vikaratasi vya kazi ukutani, lakini mahitaji yalifungwa mwaka jana na malipo yanafuata ripoti. Hayo ni maporomoko yaliyovaa fulana mpya. Anayeandaa hadidu za rejea anaweza kuweka ukomo wa bajeti na muda, kisha akagawa malipo kwa vipande vinavyofanya kazi, huku orodha ya vipande ikiruhusiwa kubadilika. Ateuliwe pia mtumishi mmoja mwenye kauli ya mwisho kuhusu kipi kitangulie, apunguziwe majukumu mengine ili akae na mafundi kila wiki. Asipokuwepo, maswali husubiri kikao cha kamati, na kamati nyingi hukaa mara moja kwa robo mwaka.