Ukoo mzima kwenye mahema Ngorongoro: tuliyoambiwa na tuliyoyakuta

Shule zikifungwa Juni, maneno huanza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: safari hii twende mbugani, tukalale kwenye mahema. Mwaka tulioenda tulikuwa watu 19, kuanzia bibi hadi mtoto wa miezi 8. Kabla ya kutoka Dar kila mtu alikuwa mtaalamu, na karibu kila mtaalamu alikosea.

"Mambo ya mahema ni ya Wazungu, gharama hatuziwezi."

Kiingilio na ada ya kambi vina viwango vyake kwa raia wa Afrika Mashariki, tena kwa shilingi, na viko chini sana ya vile anavyolipa mgeni wa nje. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Ila kambi hulipiwa kwa kichwa, si kwa hema, kwa hiyo kubanana watu wanane mahali pamoja hakuokoi hata senti. Beba vitambulisho vya NIDA vya watu wazima wote, na usitegemee kuhesabu noti getini. Malipo ni ya kielektroniki.

"Tuko wengi, tuchukue kambi maalumu, ndiyo yenye huduma."

Jina hilo limeponza watu. Umaalumu wake ni mmoja tu: usiku huo ni yenu peke yenu. Choo hakuna, bomba hakuna, jiko hakuna. Kila kitu mnakuja nacho na taka zenu mnaondoka nazo. Ukiwa na bibi na watoto, kambi ya umma ni afadhali: Simba A pale ukingoni mwa kreta, lile bonde kubwa la Ngorongoro, au Pimbi na Nyani kule Seronera, Serengeti. Kuna vyoo, maji na banda la kupikia. Mtakuwa na majirani, na majirani hao wanaamka alfajiri kuwahi wanyama, kwa hiyo spika iacheni nyumbani.

"Baridi gani? Si Tanzania hii hii?"

Hapa ndipo ukoo wetu ulipoumbuka. Simba A iko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi kama 6, kwa hiyo mtu wa Dar amepoteza nyuzi 13 au 14 kabla jua halijazama, na Juni yenyewe ndiyo inaingia kipupwe. Chini ndani ya kreta kuna nafuu. Kule ni kama mita 600 chini ya ukingo, lakini hairuhusiwi kulala.

Mablanketi tulikuwa nayo tele. Tukayarundika yote juu yetu, chini tukatandika mkeka na shuka. Saa nane usiku nikamsikia shangazi akiuliza gizani, "Jamani, mbona mgongo unaganda na tumbo lina joto?" Jibu lilikuwa kwenye swali lake. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikitunyonya joto. Blanketi hukupasha kwa hewa iliyonaswa ndani yake, na ukililalia unaikamua hewa hiyo yote, kwa hiyo nalo peke yake chini halitoshi. Kinachotakiwa ni kitu kisichobonyea hadi mwisho: godoro la sponji, hata jembamba. Kesho yake tulilala Seronera na sponji tulizong'oa kwenye viti vya nyuma vya magari, mablanketi tukagawa nusu chini nusu juu. Hakuna aliyelalamika.

"Familia moja, hema moja."

Inapendeza kwenye picha. Usiku, mtoto mmoja akitaka kukojoa wanaamka 11, na hema kubwa lina hewa nyingi ambayo pumzi zenu haziwezi kuipasha. Mahema ya watu watatu watatu, milango ikitazamana, yametufaa zaidi. Hema la bibi liwe karibu na choo.

"Tukiwasha moto, mnyama hasogei."

Kambi hizi hazina uzio. Pale Simba A, tembo huja kunywa maji ya tangi, moto uwe unawaka au umezimika. Kinachowasaidia ninyi ni zipu iliyofungwa na hema lisilonuka chakula. Kwa kawaida simba na fisi hulizunguka wakaenda zao. Kwenda chooni, kwanza mulika pande zote utafute macho yanayong'aa, na usiende peke yako. Watoto wasitoke kabisa: ndoo yenye mfuniko ndani ya hema inatosha.

Tena mnyama wa kuogopa si simba. Mjomba alinunua ndizi nyekundu pale Mto wa Mbu, akazificha hemani ili watoto wasizimalize njiani. Mchana tulipokuwa kwenye magari, nyani wa Seronera walikuja, wakachana ubavu wa hema, wakala zote, na maganda wakayaacha juu ya mto wa bibi. Tangu hapo chakula kililala kwenye gari, vioo vimepandishwa.

Viatu hatukuvifikiria. Usiku wa mwisho fisi alipita, asubuhi bibi akakuta ndala ya kushoto peke yake. Ya kulia iliokotwa karibu na choo, kisigino kimetafunwa. Aliivaa hivyo hivyo mpaka Karatu.