Swipu ni ileile, mpinzani si yuleyule: dhana potofu kuhusu kupindua ukiwa kwenye gadi

Kijana anayejifunza jiujitsu ya Kibrazili hapa Dodoma mara nyingi ana walimu wawili: yule anayemkuta ukumbini jioni, na simu yake. Simu humwonyesha swipu katika hali moja tu. Mpinzani amepiga magoti, ametulia, anasubiri kupinduliwa. Kesho yake kijana anakutana na mtu wa kilo 95 aliyekalia visigino na hataki kusogea, swipu inagoma, na hukumu inatoka papo hapo: "Mwalimu, hii haifanyi kazi." Nimeisikia kauli hiyo mno, na ndiyo inayozaa dhana nyingi ninazozijibu hapa.

Kwa mgeni wa mchezo: gadi ni pale unapokuwa chini lakini miguu yako bado inamdhibiti aliye juu. Swipu ni kumpindua kutoka hapo na kuishia juu yake.

Dhana: Swipu ya mkasi haimpindui mtu mzito.

Kilo zake si kikwazo. Swali ni kilo hizo ziko wapi wakati unapokata. Mtu aliyepiga magoti mbele yako ana nguzo nne: magoti mawili na mikono miwili. Swipu yoyote, iwe na jina lolote, inahamishia uzito wake upande mmoja na kumnyima nguzo ya upande huohuo. Ukikosa moja kati ya hayo mawili, unabaki kuvutana na mwili wake mzima, na hapo mzito atashinda kila siku.

Katika mkasi, muundi wako mmoja umekatiza tumbo lake, mguu mwingine umelala chini kando ya goti lake. Mkono mmoja umeshika kola, mwingine umeshika mkono wa koti upande ule anakokwenda kuanguka. Mshiko wa mkono wa koti unaiondoa nguzo, na wa kola unamleta juu ya muundi wako. Kosa ninaloliona zaidi ni kukata kwa miguu kabla kola haijavutwa. Uzito bado uko nyuma, kwa hiyo hata mtu wa kilo 60 hapinduki.

Sasa tuje kwenye hali zenyewe, maana hapa ndipo video nyingi zinapokomea.

Amekalia visigino na mgongo ameurudisha nyuma? Achana na mkasi. Anaelekea nyuma, basi mpeleke hukohuko: fungua miguu, inuka uketi, jitegemeze kwa mkono mmoja, mwingine upite juu ya bega lake la upande wa pili na kumbana juu ya kiwiko, kisha msukume kwa nyonga. Hiyo ndiyo swipu ya nyonga. Akijitupa mbele ili asianguke, amekuletea uzito bila wewe kuvuta kitu, na mkasi ulioshindikana sekunde chache zilizopita sasa unawezekana. Akiweka kiganja chini ili ajizuie, mkono huo umejiweka tayari kwa kimura, yaani kuufunga na kuusokota mkono hadi bega likubali.

Ametanua magoti na kushuka chini kabisa? Mguu wako wa chini hauna tena cha kukata. Muundi na mishiko viache palepale, lakini weka unyayo kwenye goti lake na ulisukume nyuma. Goti likiondoka, nguzo imeondoka. Kwa maoni yangu, badiliko hili dogo lina faida kubwa kwa mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, kuliko swipu kumi mpya, kwa sababu halimdai ajifunze upya chochote.

Na kama amekuzidi kilo 30, usimvute ukiwa umelala chali. Sogeza nyonga kwanza, ulale ubavu, ndipo uvute. Akikuangukia ukiwa chali, umejifungia mwenyewe.

Dhana: Akisimama, swipu imekufa.

Iliyokufa ni ile ya magoti. Aliyesimama ana nguzo mbili badala ya nne, na zote mbili unazifikia. Miguu yake ikiwa sambamba, shika vifundo vyote viwili na usukume nyonga zake kwa mapaja au nyayo, atakaa chini. Akiutanguliza mguu mmoja, shika kisigino cha huo wa mbele, unyayo wako mmoja kwenye nyonga yake, mguu wako mwingine unase nyuma ya kifundo chake cha pili, halafu sukuma juu na kuvuta chini kwa wakati mmoja.

Historia ya mchezo imejaa watu waliojenga gadi nzima kutokana na swali la mtu aliyesimama. Ricardo De La Riva, huko Rio de Janeiro katika miaka ya 1980, alizoea kuzungusha mguu wake kwa nje ya mguu wa mbele wa mpinzani na kuunasa. Gadi hiyo leo ina jina lake. Marcelo Garcia, bingwa wa ADCC (mashindano makubwa ya kimataifa ya kupambana kwa kushikana) katika daraja la chini ya kilo 77, alijulikana duniani kwa gadi ya X, ambamo unaingia chini kabisa ya mpinzani na kubeba mguu wake mmoja. Alipambana pia katika daraja lisilo na kikomo cha uzito, na watu waliomzidi kwa mbali.

Dhana: Bila gi, swipu hizi hazipo.

Gi, yaani sare ya koti na suruali ya mchezo huu, ni ghali na wengi wetu tunafanya mazoezi kwa fulana na bukta, kwa hiyo dhana hii inatugusa moja kwa moja. Ukweli ni kwamba kazi ya mshiko haibadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa kushika. Kola inageuka kuwa shingo, au mkono wako uliopita chini ya kwapa lake. Mkono wa koti unageuka kuwa kifundo cha mkono, au sehemu ya juu ya kiwiko.

Hali ya hewa nayo ina neno. Asubuhi ya Julai, upepo mkavu wa Dodoma unakausha ngozi na kifundo ulichokishika kinakaa. Novemba, mvua hazijaanza na paa la bati linatoa joto, kifundo hichohicho kinateleza. Siku kama hizo kaa karibu zaidi: bana mkono wake kwapani kwako, kifua kwa kifua, ndipo upindue. Umbali wa gi ni mrefu mno kwa mtu aliyelowa jasho.

Dhana: Swipu ya kipepeo ni nguvu ya mguu.

Katika gadi ya kipepeo nyayo zako zimenasa kwa ndani ya mapaja yake kama ndoano. Ukimnyanyua kwa ndoano hiyo ukiwa umelala chali, utachoka kabla yake. Keti, paji la uso lako liwe kifuani kwake, mkono chini ya kwapa, bana mkono wake wa upande wa pili, halafu wewe mwenyewe anguka ubavu. Mguu unafuatilia tu. Akiuchomoa mkono ule na kuweka kiganja chini, acha. Kwanza uurudishe, ndipo uanguke tena.

Dhana: Kupindua kokote kuna pointi 2.

Hapana. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiujitsu ya Kibrazili, swipu ni lazima ianzie kwenye gadi au nusu gadi (pale miguu yako inapobana mguu wake mmoja tu), na ukifika juu umdhibiti kwa sekunde 3. Ukiwa umekaliwa kifuani ukamrusha kwa kuinua nyonga, umefanya jambo jema sana, ila pointi za swipu hupati. Na ukimpindua kisha akainuka kabla ya sekunde hizo kutimia, pointi 2 hazipo.

Dhana: Mkasi ni mkasi, uwe chini au umesimama.

Hii ni ya hatari, naomba isomwe kwa makini. Kuna mrusho ambao mtu aliyesimama anajirusha kwa ubavu na kubana miguu ya mwenzake kwa miguu yake miwili. Wajapani huuita kani basami. Unafanana kwa jina tu na swipu ya mkasi. Mwaka 1980, Yasuhiro Yamashita, mmoja wa wanajudo wakubwa kabisa wa Japani, alivunjwa mguu na mrusho huo katika mashindano ya taifa. Umepigwa marufuku katika judo, na IBJJF inaukataza pia. Usiujaribu kwa mwenzako hata kwa utani.

Dhana: Swipu ya ukumbini ni ileile ya mtaani.

Ukiweza kuondoka, ondoka. Ukishaangushwa kwenye changarawe na mtu anarusha ngumi, gadi wazi inampa nafasi ya kupiga. Funga miguu, mvute karibu, banisha mikono yake. Akijinyanyua ili apige, uzito wake umerudi nyuma: swipu ya nyonga. Akisimama kabisa, weka miguu yako kati yenu, simama na wewe, ukimbie.

Dhana: Irudie mara mia, itajitokeza yenyewe.

Kurudia kwa mtu asiyepinga kunafundisha mwendo. Hakukufundishi lini. Mazoezi yanayofundisha lini ni haya: anza kwenye gadi, na aliye juu achague kimoyomoyo, bila kukuambia, kama atakaa nyuma, ataegemea mbele, atatanua magoti au atasimama. Mwanzoni apinge kwa nguvu kidogo tu. Wewe usitafute swipu uipendayo. Tafuta nguzo ipi imebeba uzito, kisha uchague. Ukipindua, au aliye juu akiivuka miguu yako, mnaanza upya. Dakika tatu, mnabadilishana, na raundi inayofuata mtafute mwenye umbo tofauti kabisa na la mwenzako wa kwanza.