Kumbukumbu ya usomaji ni kitu gani hasa

Watu wengi wakisikia kumbukumbu ya usomaji wanafikiria orodha, yaani jina la kitabu, tarehe, nyota nne, basi. Orodha haina ubaya ila kumbukumbu yenyewe ni yale unayojiandikia wakati kitabu bado kiko mkononi, nini kimekushtua, nini umekitilia shaka, ukurasa wa ngapi. Sio muhtasari, na sio uchambuzi wa kumshawishi mtu akanunue. Ni ya kwako wewe.

Kwa sisi wa Moshi na Arusha naona ina uzito zaidi, vitabu vyetu vingi ni vya kuazima, kama sio cha maktaba ya mkoa ni cha rafiki na kina foleni ya watu nyuma yako, huwezi kupiga mistari wala kuandika pembeni, kikiondoka kinaondoka na yote uliyowaza. Kauntabuku ya kawaida inatosha, riwaya za upelelezi anzia mbele, vitabu vya mambo ya kweli ligeuze uanzie nyuma, kwa sababu hizi aina mbili haziandikwi sawa kabisa.

Kwenye upelelezi siri ni moja, andika KABLA hujamjua muuaji. Ukishamjua tu akili inajipanga upya, utaapa ulimshuku tangu mwanzo na utaamini kweli. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake cha tumbaku kazi yake ni kuwaza sio kurusha ngumi, kwa hiyo msomaji unaweza kushindana naye. Kosta ya Arusha ikikwama Usa River fungua daftari, andika namshuku fulani, sababu hii, na huyu mwingine kasema kitu hakijakaa sawa. Ukimaliza kitabu usifute hata neno. Rudi usome ulichoandika, hapo ndo utaona mwandishi alikupitisha wapi, na mara nyingi utakuta kile kijambo ulichokiandika kwa kupita tu ndo kilikuwa ufunguo wenyewe! Alafu baada ya vitabu kadhaa unaanza kujijua, kuna mtu kila kitabu anamshuku tajiri, mwingine yule mkimya. Kitu kama hicho orodha ya nyota haikuambii milele.

Vitabu vya jasusi Willy Gamba, vya mwandishi Elvis Musiba, kama Kufa na Kupona ya 1974, ni mbio za kijasusi zaidi kuliko fumbo, huko mistari miwili mitatu imetosha.

Sasa vitabu vya mambo ya kweli, huku hakuna wa kumkisia, kuna madai ya kupima. Andika dai kwa maneno yako, ukurasa, mwandishi kalitoa wapi, na mwaka kitabu kilipoandikwa, huo mwaka usiuache kabisa jamani. Mfano Azimio la Arusha, lilitangazwa 5 Februari 1967 na liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Mtu aliyeandika 1968 anaongelea sheria mbichi, aliyeandika baada ya 1991, Azimio la Zanzibar lilipolegeza hayo masharti, tayari anajua yaliishia wapi, ukiwasoma bila kuangalia mwaka utadhani mmoja wao anadanganya. Na chini ya kila dai acha nafasi, nusu ukurasa hivi, maana kitabu kinachofuata kinaweza kubisha, au utakutana na mzee aliyekuwa mtumishi wa serikali mda huo akakuambia kwao ilikuwaje, unaandika palepale chini yake.

Kuna wanaotumia simu, sawa tu, bora iweke tarehe na uweze kuona ulichoandika kabla ya kukibadilisha.

Na kitabu ulichokiacha katikati nacho kiandike, ukurasa ulioishia na sababu, ili mwaka kesho ukikikuta tena maktaba ujue kilikushinda au ni mda tu haukuwepo.